Mchezo wa Vivuli vya Ngozi, na Asili ya Neno Karagosi

Hakuna mtoto wa bonde hili la Kilombero asiyejua kufanya sungura kwa vidole vyake mbele ya taa. Chemli ikiwashwa jioni, na ukuta uliopakwa chokaa ukiwa karibu, mkono mmoja huwa mbwa abwekaye, na mikono miwili ikishikamana kwa vidole gumba huwa ndege arukaye. Kisha mama huwaambia waache upuuzi, waje kula. Lakini jambo dogo kama hilo, likitunzwa na watu wenye bidii kwa muda wa miaka elfu, laweza kuwa kazi kubwa yenye mafundi, waimbaji na vyombo vyake, ipendwayo na wafalme na wakulima sawasawa. Ndivyo ilivyokuwa katika nchi ya Uchina. Mwezi huu nataka kuwaeleza habari za mchezo huo, maana watuhusu kuliko tunavyodhani, na hata neno moja la Kiswahili chetu limetoka katika jamaa yake.

Wachina huuita piyingxi. Jina hilo lina vipande vitatu: pi ni ngozi, ying ni kivuli, xi ni mchezo. Wachezaji hukaa nyuma ya pazia jeupe, taa ikiwaka juu ya vichwa vyao; watazamaji hukaa mbele, gizani. Sanamu za ngozi huchezeshwa zikigusa pazia, na watu walio mbele huona vivuli vikitembea, vikipigana, vikioana, vikilia. Nao wasidhani ni vivuli vyeusi kama kile cha mti wa mwembe adhuhuri. Ngozi hutengenezwa hata mwanga ukaweza kupenya, nayo hutiwa rangi. Kwa hiyo kivuli chenyewe huwa chekundu, kijani, manjano na cheusi, kama kioo cha rangi katika dirisha la kanisa jua likipita.

Juu ya asili yake, Wachina husimulia hadithi hii. Alikuwapo mfalme mkuu jina lake Wu, wa ukoo wa Han, aliyetawala tangu mwaka wa 141 hata mwaka wa 87 kabla ya kuzaliwa Kristo. Mfalme huyo alikuwa na mke aliyempenda mno, Bibi Li, naye akafa angali kijana. Mfalme akashikwa na majonzi, asitake kula wala kuhukumu mambo ya nchi. Ndipo akaja mganga mmoja, akasema aweza kumwonyesha mfalme mkewe tena. Usiku akatundika mapazia, akawasha taa, akamweka mfalme katika hema nyingine, mbali kidogo, akamwonya asisogee. Mfalme akaona juu ya pazia umbo la mwanamke mfano wa Bibi Li, likikaa, likiondoka, likitembea. Lakini hakuweza kumkaribia, na majonzi yake yakazidi kuliko kwanza.

Hadithi hii ni nzuri, ila mtu mwangalifu hajengi nyumba juu yake. Vitabu vya kale vyataja taa na pazia. Sanamu ya ngozi havitaji. Ushuhuda ulio imara watoka zama za ukoo wa Song, waliotawala tangu 960 hata 1279. Mwaka wa 1147 mtu mmoja aliandika kitabu cha kuukumbuka mji mkuu wa Kaifeng, ambao adui walikuwa wameuteka miaka 20 kabla yake. Katika habari za sokoni na za sikukuu aliwataja wachezaji wa vivuli. Kitabu kingine cha mwaka wa 1235 chaeleza ya kwamba hapo kwanza sanamu zilikatwa kwa karatasi nyeupe, baadaye kwa ngozi yenye rangi, na kwamba watu waaminifu walikatiwa nyuso za haki, na wabaya nyuso za kuchukiza, ili hata mtazamaji mjinga asipotee. Basi miaka 800 iliyopita na zaidi kazi hii ilikwisha kukomaa.

Sasa nieleze jinsi sanamu inavyotengenezwa, maana hapa ndipo penye sifa yao.

Katika jimbo la Hebei, pande za mji wa Tangshan, hutumia ngozi ya punda. Katika jimbo la Shaanxi, upande wa magharibi, hutumia ngozi ya ng'ombe. Wapiga ngoma wetu watazijua kazi za kwanza bila kufundishwa: ngozi hulowekwa majini siku kadha wa kadha, hutolewa manyoya na nyama, huparwa kwa kisu, huwambwa katika fremu ya miti kwa kamba, na kukaushwa kivulini polepole. Tofauti ni hii. Sisi twataka ngozi itoe sauti, kwa hiyo twaiacha nene. Wao wataka itoe nuru, kwa hiyo huipara tena na tena, pande zote mbili, hata iwe kama karatasi iliyopakwa mafuta. Fundi huiinua mbele ya jua kuitazama. Akiona doa la giza, huirudia.

Niseme neno moja kando juu ya punda. Ngozi yake huko Uchina ina kazi nyingine, nayo ni kubwa mno kupita ya sanamu: huchemshwa hata iwe ute mzito, ndiyo dawa iitwayo ejiao. Kwa ajili ya dawa hiyo punda wengi wa Afrika wamechinjwa, wengine wakiibwa usiku mlangoni mwa wenyewe, na akina mama waliotegemea punda kubeba maji na kuni wakabaki na mizigo vichwani. Mwezi wa Februari mwaka 2024 Umoja wa Afrika ulikata shauri kupiga marufuku biashara hiyo barani. Mafundi wa sanamu hawana hatia katika jambo hili, maana ngozi moja yawatosha kwa sanamu kadhaa, nazo hudumu miaka mingi. Lakini ni vema tujue vyote viwili vyatoka mnyama mmoja.

Turudi kwa fundi wetu. Ngozi ikiwa tayari, huchorwa kwa ncha ya sindano, kisha hukatwa kwa visu vidogo vya namna nyingi: vingine vyenye ncha, vingine vya duara, vingine vya kutobolea tu. Mafundi wa Shaanxi wana desturi ya ajabu. Mtu mwingine angeishika ngozi itulie, akaendesha kisu. Wao hukishika kisu kitulie, wakaisukuma ngozi kwa mkono wa pili ielekee kisu, na kwa njia hiyo mkato hupinda laini, usiwe na kona ya makosa. Husema sanamu moja nzuri yahitaji mikato 3,000 na zaidi. Mkono ukiteleza katika mkato wa mwisho, kazi ya siku nyingi imepotea.

Uso wa msichana au wa kijana mwenye haya hutobolewa wote, ubaki mstari mwembamba tu wa paji, pua na midomo, ili mwanga upite na uso uonekane mweupe. Uso wa jemadari mkali au wa mchekeshaji haukatwi hivyo; huachwa na ngozi yake na kutiwa rangi. Baada ya rangi, vipande hushindiliwa kwa joto la kiasi ili unyevu utoke na rangi iingie ndani, kisha hupakwa mafuta. Hapo fundi huviunga. Mtu mmoja ana vipande kumi na kimoja: kichwa, kifua, kiuno, miguu miwili, na kila mkono una vipande vitatu, yaani wa juu, wa chini na kiganja. Hufungwa kwa uzi mahali pa viungo, viungo vikawa vyepesi kama vya mtu aliye hai. Vijiti vitatu tu humwendesha: kimoja shingoni, viwili mikononi. Miguu haina kijiti. Huenda yenyewe kwa uzito wake, na mchezeshaji hodari hujua kuitikisa hata mtazamaji akaapa ya kwamba sanamu imepanda ngazi.

Kichwa hakishonwi, bali huchomekwa shingoni. Kwa hiyo mwili mmoja waweza kuvaa vichwa vingi, leo hakimu, kesho mfanya biashara, na kundi lenye vichwa mamia laweza kuwa na miili michache. Vichwa hutunzwa kitabuni, kati ya kurasa za nguo. Wazee wao walikuwa na mwiko: mchezo ukiisha, kila sanamu ivuliwe kichwa, isije ikaamka usiku na kupigana na wenzake sandukuni. Nadhani mwiko huo ulibuniwa na mwenye mali aliyechoka kuona shingo zikivunjika.

Katika wilaya za Shaanxi kundi zima lilikuwa watu watano. Mmoja aliimba na kusema maneno ya watu wote, mwanamume na mwanamke, mzee na mtoto, akipiga na zeze la duara. Mmoja alichezesha sanamu zote, hata vita vya majeshi mawili, kwa mikono miwili tu. Watatu waliobaki walipiga ngoma, matoazi, zeze la upinde na vyombo vingine, tena mmoja wao alimsaidia mchezeshaji kumpa sanamu itakiwayo. Vyombo vyao vyote viliingia sandukuni. Walikwenda kijiji kwa kijiji baada ya mavuno, wakialikwa arusini, siku za kuzaliwa za wazee, na katika sikukuu za mahekalu yao, hata wakati wa ukame walipoomba mvua. Usiku mmoja haukutosha kwa hadithi ndefu, kama ile ya tumbili Sun Wukong aliyemsindikiza mtawa kwenda kuvitafuta vitabu vitakatifu huko Bara Hindi, au ile ya falme tatu zilizogombana. Mkulima asiyejua kusoma herufi moja ya Kichina aliwajua majemadari wa kale kwa majina, na matendo yao, na makosa yao, kwa sababu ya pazia lile.

Mchezo wa vivuli hauko Uchina tu. Kisiwani Java upo tangu zamani sana, nao huitwa wayang. Misri ulikuwapo pia. Katika karne ya 13 aliishi mjini Kairo mganga wa macho, mzaliwa wa Mosul, jina lake Ibn Daniyal. Aliandika michezo mitatu ya vivuli, nayo yasomwa hata leo. Mwaka wa 1517 Sultani Selim wa Waturuki alipoiteka Misri alionyeshwa kwa vivuli jinsi adui yake, sultani wa Misri, alivyotundikwa penye lango la mji. Akapendezwa, akamchukua mchezaji aende naye Istanbul ili mwanawe naye auone mchezo.

Huko Uturuki mchezo ulipata mashujaa wawili wasiokoma kugombana. Mmoja ni Hacivat, mtu aliyesoma, mwenye maneno marefu ya adabu. Wa pili ni mtu wa kawaida, mwenye njaa, mwepesi wa ulimi, asiyeyaelewa maneno ya mwenzake au ajifanyaye kutoyaelewa. Huyu jina lake ni Karagöz, maana yake jicho jeusi. Jina lake likawa jina la mchezo wote, likaenea Misri, Shamu na nchi za Waarabu zilizokuwa chini ya Waturuki, likafika hata pwani yetu. Ndilo neno letu karagosi. Wazee wa pwani walilitumia kwa mwanasesere wa kuchezeshwa. Leo twasema vikaragosi kwa zile picha za mzaha magazetini, tena mtu asiye na nia yake mwenyewe, asemaye aliyotumwa kusema, twamwita kikaragosi. Mtu wa Ifakara amwitaye mwenzake hivyo sokoni amemtaja mchekeshaji wa Kituruki bila kujua.

Waturuki nao wana hadithi ya asili, nayo itazameni vizuri. Wasema Karagöz na Hacivat walikuwa watu kweli, mmoja mhunzi na mmoja mwashi, waliofanya kazi ya kujenga msikiti mjini Bursa, zama za Sultani Orhan, katika karne ya 14. Mizaha yao ilikuwa mitamu hata wenzao wakaacha nyundo wakawasikiliza, ujenzi ukachelewa. Sultani akakasirika, akaamuru wauawe. Baadaye akajuta, akawalilia. Shehe mmoja aitwaye Küşteri, akitaka kumtuliza, akakata sanamu zao kwa ngozi, akawasha taa, akawafanya waseme tena nyuma ya pazia.

Mwaona? Nchi mbili zilizo mbali kama hizo, na kila moja yasema mchezo ulianza kwa mfalme aliyefiwa, asiyeweza kustahimili.

Hapa najua baadhi yenu mtashtuka. Kwetu kivuli si giza tu linalofuata mwili. Wazee wetu hutaja kivuli cha mtu wakiwa na maana ya roho yake, na aliyekufa hutajwa kuwa kivuli. Mkristo aliyeacha matambiko atauliza: je, kukaa gizani kutazama vivuli si kurudi kule tulikotoka? Swali hili ni la haki, na wengine huliuliza kwa sauti ndogo wasije wakachekwa. Mimi nalijibu hivi. Mganga wa mfalme Wu alimdanganya mtu aliyelia, akampa kivuli badala ya mkewe. Hilo ni baya, na hadithi yenyewe yakiri kwamba halikumfaa. Lakini mchezaji wa sokoni hamdanganyi mtu. Pazia lake lajulikana ni pazia, na watoto huenda nyuma kuchungulia vijiti. Ni kweli ya kwamba katika mahekalu ya Wachina michezo mingine ilichezwa kwa heshima ya miungu yao, nasi hatuna sehemu katika hilo. Chombo chenyewe hakina dini. Ngoma iliyopigwa katika tambiko na ngoma ipigwayo Misa ya Pasaka zote mbili ni mti na ngozi.

Wakristo wa Java waliliamua jambo hili zamani kidogo. Mjini Surakarta, mwaka wa 1960, bruda mmoja Mkatoliki alianza kuchezesha wayang yenye habari za Maandiko Matakatifu, sanamu zikikatwa kwa mtindo uleule wa Kijava. Huitwa wayang wahyu, yaani wayang ya ufunuo. Wazee wa kule ambao hawakuzoea kusoma waliipokea kwa furaha, kwa kuwa ilisema nao kwa njia waliyoijua tangu utoto.

Sasa niwape habari ya huzuni, ambayo inapita karibu sana na nyumba zetu.

Ninyi nyote mwaijua reli ya TAZARA. Ilijengwa tangu mwaka wa 1970 hata 1975, na urefu wake ni kilometa 1,860 toka Dar es Salaam hata Kapiri Mposhi nchini Zambia. Yapita hapa Ifakara, yafuata bonde hata Mlimba, kisha yapanda milima kuelekea Makambako kwa madaraja na mahandaki, na sehemu ile ndiyo iliyowatoa watu jasho kuliko zote. Wachina makumi ya maelfu walikuja kuifanya kazi hiyo pamoja na vijana wetu. Zaidi ya 60 kati yao walikufa, na wengi wamezikwa Gongo la Mboto. Wazee wa stesheni zetu huwakumbuka kwa saa zao za kazi, kwa bustani zao za mboga, na kwa jinsi walivyokula pamoja bila kelele. Lakini ukimwuliza mzee kama aliwahi kusikia kwao habari za sanamu za ngozi, usishangae akitikisa kichwa.

Sababu ni hii. Miaka ileile kwao kulikuwa na msukosuko mkuu ulioitwa Mapinduzi ya Utamaduni, ulioanza 1966 na kwisha 1976. Mambo yote ya kale yalihesabiwa kuwa adui. Wafalme, majemadari, mabibi waliovaa hariri, watawa na mizimu, yaani watu wote waliokaa katika masanduku ya wachezaji, walikatazwa kuonekana, na michezo michache tu ya namna mpya iliruhusiwa. Masanduku yalitolewa nje, sanamu zikachomwa moto. Sanamu zilizokatwa na babu, zilizochezeshwa na baba, ziliwaka upesi, kwa maana zimepakwa mafuta. Wachezaji wengine walizificha, na wengine wakashika jembe wasiitaje kazi yao tena. Basi wakati reli ilipolazwa kati ya Ifakara na Mlimba, mchezo huo ulikuwa umenyamazishwa huko ulikozaliwa, na mtu wa Shaanxi aliyeshika sururu katika milima yetu hakuwa na sababu ya kuusema mbele ya wakubwa wake.

Mwaka wa 1994 Zhang Yimou alitengeneza sinema ionyeshayo mambo hayo. Jina lake kwa Kichina ni Huozhe, maana yake kuishi. Mtu mkuu ndani yake amepoteza nyumba yake kwa kamari, hubaki na sanduku la sanamu za vivuli tu, na kwa sanduku hilo huwalisha mkewe na watoto wake kupita vitani na katika njaa. Mwishowe sanamu zachomwa. Sanduku tupu labaki chini ya kitanda, na mjukuu wake analifanya nyumba ya vifaranga. Nimeziona picha nyingi za vita, lakini sanduku lile la vifaranga halinitoki moyoni.

Baada ya 1976 waliobaki walizitoa sanamu walizozificha, wakaanza tena. Mwaka wa 2011 shirika la UNESCO, katika mkutano wake wa Bali, liliuandika mchezo wa vivuli wa Uchina katika orodha ya urithi wa wanadamu. Wayang ya Java ilikwisha kutangazwa 2003, na Karagöz ya Uturuki iliandikwa 2009. Ule wa Siria uliandikwa 2018 katika orodha ya mambo yaliyo hatarini, maana mjini Dameski alikuwa amesalia mchezaji mmoja tu.

Kuandikwa katika orodha ni heshima, lakini orodha haimfundishi mtoto kushika kijiti. Fundi wa Shaanxi alikuwa na wanafunzi wakati jioni haikuwa na kitu kingine. Ilipokuja redio, kisha televisheni, kisha simu ya mkononi, kijana akaenda mjini kiwandani, kwenye mshahara wa kila mwezi. Sanamu nyingi sasa hukatwa ili ziuzwe kwa wageni, zitiwe katika kioo na kutundikwa ukutani. Zapendeza, nami sizidharau. Fundi lazima ale. Lakini sanamu ya ukutani haihitaji mwimbaji, wala haina haja ya kujua hadithi. Mkono wabaki, sauti yaondoka. Nasi tusiwatazame kama watu wa mbali. Nani katika nyumba yako ajua hadithi za Wandamba na Wapogoro walizosimuliana dunguni usiku, wakilinda mpunga usiliwe na nguruwe?

Afrika ya Mashariki haikuwa na pazia la vivuli kama la Wachina, ila sanamu za kusema na watu tunazo. Wazaramo na Waluguru wana mwana hiti, sanamu ndogo ya mti apewayo mwari. Wamakonde wana mapiko, barakoa za kuchezea ngoma. Katika miaka ya 1990 kikundi kiitwacho CHAPS nchini Kenya kilianza kupita vijijini na sanamu za kuchezesha kikifundisha habari za UKIMWI, wakati watu walipoona haya hata kulitaja jina la ugonjwa huo mbele ya wakwe zao. Sanamu ilisema yale ambayo mwalimu angeyasema watu wangeondoka. Na Gado, mchoraji wa vikaragosi, mzaliwa wa Dar es Salaam, ambaye jina lake kamili ni Godfrey Mwampembwa, alianzisha Nairobi mwaka wa 2009 mchezo wa televisheni uitwao XYZ Show, ambao sanamu za mpira zenye sura za wanasiasa zilibishana kama Karagöz na Hacivat.

Kwa wale watakaopenda kujaribu nyumbani, nitaeleza njia iliyo rahisi. Haihitaji ngozi.

Tafuteni shuka jeupe, kuukuu si neno, ila liwe safi na lisiwe na maua. Litundikeni mlangoni, mlivute chini kwa kamba lisiwe na mikunjo. Taa iwe ya umeme wa jua au tochi, iwekwe juu kidogo nyuma ya mchezeshaji. Chemli na mshumaa sivipendi kwa kazi hii; shuka likishika moto katika nyumba ya makuti hakuna hadithi itakayolipa hasara. Kateni sanamu katika katoni la sabuni, zikitazama upande mmoja, pua na midomo ionekane. Wembe ashike mtu mzima. Macho na mapambo ya nguo yatobolewe, na nyuma ya tundu gundisheni karatasi ya peremende yenye rangi, au karatasi nyeupe iliyopakwa rangi kisha mafuta kidogo ya kupikia, nayo itapitisha mwanga. Viungo fungeni kwa uzi wenye fundo pande mbili. Vijiti vya uti wa makuti vyatosha kwa mikono, na kwa shingo tumieni ufito ulio imara.

Sanamu ikigusa shuka, kivuli huwa kikali na kidogo. Ikivutwa nyuma kuelekea taa hukua na kufifia. Jifunzeni hilo kwanza, kwa maana kwa njia hiyo kiboko aweza kuibuka mtoni mbele ya mtumbwi, na watoto wa mbele watapiga kelele. Msianze na hadithi yenye watu wengi. Sungura na Fisi wanatosha siku ya kwanza. Habari ya Mwana Mpotevu yafaa sana siku ya pili: baba mmoja, wana wawili, nguruwe watatu, na ndama aliyenona. Mwana mdogo akatiwe mara mbili, moja yenye kanzu nzuri na moja yenye matambara, na kichwa kiwe kimoja cha kuchomeka. Mwimbaji awe bibi au babu, si kijana mwenye simu. Wengine wapige ngoma na kayamba pale tu wanapoonyeshwa kidole, maana ngoma isiyokoma huua maneno.

Mchezo ukiisha, vueni vichwa vyote, mvilaze katikati ya kurasa za daftari kuukuu, na daftari mlitundike juu. Mende hupenda gundi.